Kompyuta Juu ya Mlango wa Chumba cha Watoto

Kabla sijaanza, wewe unayenisikiliza, vuta kiti usogee. Kama hujawahi kufungua kompyuta ukaona ndani yake, usione haya. Nitakwenda polepole, na nikikuacha nyuma kosa litakuwa langu. Ndani mna vitu vichache kuliko watu wanavyodhani. Kuna ubao wa kijani unaobeba vingine vyote. Juu ya ubao kuna kijiwe kipana kama biskuti kinachoitwa prosesa, nacho ndicho kinachofanya hesabu. Kuna kumbukumbu, kuna diski ya kutunzia kazi, na kuna kisanduku cha kuleta umeme. Basi. Ukivijua hivyo vitano, umekijua nilichokuwa nacho nyumbani kwangu Rumonge, mji wa Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, wakati wa vita, isipokuwa mimi nilikuwa na kila kimoja mara tano, na nyumbani nilikuwa peke yangu.

Nilikuwa mwalimu wa fizikia. Mke wangu alipokimbia na watoto wetu wawili, mimi nilikuwa Bujumbura kusahihisha mitihani. Barabara ya ziwani ilifungwa, na ilipofunguliwa nilirudi na gari la kwanza lililothubutu. Nyumba niliikuta nzima. Ilikuwa imefungwa kwa kufuli, kama ya mtu aliyekwenda sokoni, na ufunguo ulikuwa kwa jirani. Sufuria zilikuwa zimeoshwa na kufunikwa. Sikukuta barua, na sikushangaa, maana siku zile barua iliyoachwa mezani ilikuwa barua ya yeyote atakayevunja mlango. Niliambiwa kwamba wengine walishuka kusini kwa miguu, kupitia Nyanza-Lac hadi mpakani, na wengine walipanda maboti. Mke wangu alionekana mara ya mwisho akielekea ziwani, na mikeka miwili kichwani.

Jirani mwenye ufunguo alikuwa mama wa Kivu ya Kusini, huko Kongo, aliyekuja Rumonge kukimbia vita vya kwao. Alikuwa akinunua ndagala wabichi, wale dagaa wa ziwani, kwa wavuvi wa Magara, anawaanika, anawauzia wachuuzi. Mji ulipohama, yeye alibaki. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Mwalimu, kukimbia nako kunachokesha. Mi nimechoka."

Ng'ambo, katika kambi za Tanzania, watu walikuwa wakiandikishwa. Kila mstari wa orodha ulikuwa na jina la mkuu wa kaya, kilima alichotoka, maana kwetu kilima ndicho kijiji, na idadi ya watu alio nao. Orodha zilibandikwa kwenye mbao. Mzee mmoja mwenye duka mjini kwetu, ambaye babu yake alitoka Oman, alikuwa na ndugu zake Kigoma. Ndugu hao walizinakili orodha kwa mkono na kumtumia kwa boti la mizigo, na siku moja aliniita dukani akanikabidhi furushi lililofungwa kwa plastiki.

"Zimelowa kidogo, Mwalimu. Zianike kwanza, halafu utafute watu."

"Watu gani, Mzee?"

"Wote. Wako na wetu."

Nilizianika uani kwa siku mbili, nikiweka jiwe juu ya kila karatasi. Habari zikaenea, na watu wakaanza kuja mlangoni, kila mmoja akitafuta mtu wake. Kwa kuwa ni mwalimu, nilitengeneza fomu. Juu niliandika kwa herufi kubwa: JINA KAMILI KAMA LILIVYO KWENYE KITAMBULISHO. Chini yake kilima, umri, na idadi ya watu aliokimbia nao. Fomu ya kwanza niliijaza mimi mwenyewe.

Sasa nikueleze kwa nini kazi ile ilihitaji kompyuta, tena si moja. Kwetu Burundi hakuna jina la ukoo. Baba ana lake, mama ana lake, na kila mtoto hupewa lake. Huwezi kushika jina moja ukafuata familia nzima. Zaidi ya hapo, karani wa kambi aliandika alivyosikia, na aliyenakili akaandika alivyoweza kusoma. Kwa hiyo haikutosha kuuliza, "Yupo au hayupo?" Ilibidi kila fomu ilinganishwe na kila mstari wa kila orodha, na kila ulinganisho upewe alama: jina linafanana kiasi gani, kilima ni kilekile, idadi ya watu inakaribiana. Niliandika programu ya kufanya hivyo kwenye kompyuta moja ya shule. Umeme siku hizo ulikuja baada ya saa sita mchana na kukatika kabla ya jua kuzama, na siku nyingine haukuja kabisa. Baada ya wiki, mashine ilikuwa haijafika katikati ya kambi moja. Watu nao walikuwa wakihamishwa kutoka kambi hadi kambi. Kwa mwendo ule ningekuwa kila siku nawatafuta mahali walipokuwa, si walipo.

Basi nikaamua kujenga mashine kubwa kutokana na ndogo. Shule ilikuwa imefungwa, na mkuu wa shule aliniruhusu kuchukua kompyuta zote tatu. Nyingine ilitoka kwenye ofisi ya mradi ambao wafanyakazi wake walikuwa wamehamia mji mkuu. Mlinzi aliyebaki aliniambia nichukue, kwani panya walikwisha anza kuzaliana humo. Ya tano alinipa mzee wa duka. Nilizivua maganda yake, maana maganda hula nafasi na kuzuia hewa. Nikahitaji kitu kipana cha kuzifungia pamoja. Nikaung'oa mlango wa chumba cha watoto, nikauegemeza ukutani sebuleni. Chumba kile hakikuwa na mtu wa kufungiwa ndani.

Nilizifunga zile mbao tano kwa skrubu na vipande vya kandambili chini yake, chuma kisiguse kisipotakiwa, nikaziunganisha kwa waya mmoja wa mtandao uliopita kutoka moja hadi nyingine. Ilikuwa sura mbaya kabisa ya kompyuta. Kwa mji wetu, hata hivyo, ilikuwa na nguvu kuliko mashine yoyote niliyowahi kuigusa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la mtu wa Rumonge, na nakuambia usije ukalirudia. Prosesa ikifanya kazi hupata joto, kwa hiyo juu yake huwekwa kipande cha alumini chenye mapezi, na kati ya hivyo viwili hupakwa dawa nyeupe nzito ili joto lipite vizuri. Dawa yangu ilikuwa imekauka na kupukutika. Nikatazama jikoni. Nyumba yoyote ya kwetu, hata iliyohamwa, haikosi mawese. Nikajiambia kwamba mafuta ni mazito, yanajaza nafasi, hayapitishi umeme. Kama fizikia haikuwa kosa kubwa. Nilichosahau ni kwamba mlango umesimama, na mawese yakipashwa moto hushuka. Nikapaka, nikawasha, nikakaa kutazama.

Haikupita saa moja nikasikia mtu anabisha, na kabla sijaitika jirani alikuwa ndani na bakuli mkononi.

"Amahoro, Mwalimu! Nimesikia harufu ya mawese nikasema, asanti Mungu, leo mwanaume iko anapika. Maharagi iko wapi?"

"Sipiki, Mama."

"Njo nini hii moshi?"

Niligeuka. Ubao wa juu ulikuwa unatoa moshi mwembamba, na mstari mwekundu wa mafuta ulikuwa umeshuka kwenye mbao hadi sakafuni, ambako sisimizi walikwisha panga foleni. Nikauchomoa waya kwa mikono miwili.

"Ati anakaanga mashini!" Alicheka mpaka akakaa chini, bakuli mapajani. "Sisi wajinga tunakaanga samaki tu. Mwalimu, umeweka chumvi?"

Ubao ule ulikufa. Nilibaki na nne. Lakini nilicheka pia, na nilipojisikia nacheka niliogopa, kwa kuwa sauti ile sikuwa nimeisikia humo ndani tangu niliporudi. Jioni alinipitishia ugali na ndagala juu ya ukuta, katika bakuli lilelile. Kesho yake nikaenda kwa fundi redio wa sokoni, ambaye alikuwa na dawa nyeupe ya kupaka vipuri vya redio, akanikatia kidogo kwenye karatasi. Ndiyo dawa ileile. Kabla ya kubuni, uliza kwanza fundi aliye karibu nawe.

Utaniuliza, prosesa nne zinafanyaje kazi moja? Usiogope swali hilo. Fikiria asubuhi ya Magara, maboti yakiwa yamerudi na ndagala wamemwagwa. Mama mmoja hawezi kuwaanika wote kabla jua halijawa kali. Wakiwa wanne, kila mmoja huchukua beseni lake na kipande chake cha mchanga. Sasa, ukigawa samaki wote mafungu manne makubwa, atakayepata fungu jepesi atamaliza mapema na kukaa akimtazama mwenzake. Kwa hiyo gawa kwa mabeseni madogo, na anayemaliza aje achukue jingine. Lazima pia awepo mmoja wa kugawa na kukumbuka nani kachukua lipi, ili umeme ukikatika mjue mlipofika. Hiyo ndiyo siri ya kompyuta yenye prosesa nyingi, na mtu asikutishe kwa kuifanya kubwa zaidi. Ubao wangu wa kwanza uligawa mabeseni ya majina. Zile tatu ziliyaanika.

Ilifanya kazi. Kilichokuwa kinachukua wiki sasa kilikwisha kwa mchana mmoja na nusu. Nilikuwa natoka uani kuosha sahani, sahani moja, nikisikia feni nne za kupoza prosesa zikivuma ndani, na mara nyingine nilisahau kwa muda mfupi kwamba ni feni. Nilianza kulia chakula changu mbele ya ule mlango. Nilikuwa nikiueleza ninachofanya, kwa sauti, kama ninavyokueleza wewe sasa. Mwalimu asiye na wanafunzi ataufundisha hata ukuta. Umeme ulipokatika, kimya kilichofuata kilikuwa kizito kuliko kile cha kabla sijaijenga, nami nilikuwa natoka nje kukaa barazani hata kama hapakuwa na mtu wa kupita.

Matokeo ya kwanza yalinivunja moyo. Katika fomu zote zilizoletwa, mashine ilinipa watu wachache mno niliokuwa na hakika nao, wengi wao wazee wa kiume. Fomu ya kwanza, ya mke wangu, haikupata kitu. Nikalegeza masharti ya kufanana. Ikanipa wanawake kadhaa wasiokuwa yeye, mmoja mwenye watu tisa. Nikaangalia programu upya, mstari kwa mstari. Nikabadilisha waya. Kila mchana umeme ulipokuja niliiuliza mashine swali lilelile, na kila siku jibu lilikuwa tupu. Nilianza kufikiri juu ya mawimbi ya ziwa, na juu ya maboti yaliyojazwa kupita kiasi. Sikumwambia mtu. Aliyekuja mlangoni nilimwambia asikate tamaa, orodha nyingine zinakuja, na nilimwambia kwa uchangamfu. Mlango ukifungwa nilikaa kitini bila kufanya lolote.

Orodha nyingine zilikuja mara mbili. Nilizichapa zote kwa mkono wangu. Tupu.

Siku moja mchana jirani alikuja kuchukua bakuli lake. Alisimama mbele ya mashine, mikono kiunoni.

"Sasa hii ng'ombe yako imezaa nini?"

"Kwako imezaa?" nilimjibu, maana naye alikuwa ameniletea fomu ya dada yake.

"Apana. Na kwako?"

"Bado."

Akaniuliza, "Hajaonekana hata kidogo, Mama—" na hapo akataja jina la mtoto wetu wa kwanza.

Jina lenyewe silitaji. Ni lake na letu. Alikufa kwa homa akiwa na miaka minne, kabla wadogo zake hawajazaliwa. Lakini kwetu mwanamke akishazaa huitwa Mama fulani kwa mzaliwa wake wa kwanza, na mtoto akifa jina hilo halizikwi naye. Mtaa mzima uliendelea kumwita mke wangu hivyo. Mimi peke yangu niliacha. Tangu siku ya mazishi nilimwita kwa jina lake la ubatizo, nikidhani namwonea huruma, na yeye aliniitika bila kulalamika.

"Unasema nani?" nilimuuliza jirani, ingawa nilikuwa nimesikia.

Akarudia. "Wewe umeandika nani?"

Nilimwonyesha kwenye kioo cha mashine. Alisoma taratibu, kwa kidole, jina la ubatizo na jina la Kirundi, yote mawili kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho.

"Huyu ni nani?"

"Mke wangu."

"Bibi yako njo anaitwa hivi?" Alinitazama kama mtu aliyedanganywa. "Miaka yote naazima kwake chumvi, sijasikia hii jina. We Mwalimu, nani atakimbia risasi na jina ya serikali? Kitambulisho batu walitupa njiani. Karani akiuliza 'unaitwa nani,' mutu anasema vile anaitwa."

Nilivuta kiti, nikaandika "Mama" na lile jina. Vidole vyangu vilikosea mara mbili. Sikuwa nimeliandika tangu tulipoandika msalaba wake. Jirani alibaki amesimama nyuma yangu, safari hii bila utani, na feni zikavuma. Tuliona mabeseni yakigawanywa: kambi ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Nilikuwa naomba umeme usikatike.

Katika kambi ya tatu ukatokea mstari mmoja. Mama na jina la mwanangu. Rumonge. Watu watatu.

Mstari huo nilikuwa nimeuchapa mimi mwenyewe, wiki nyingi kabla. Lile jina la mtoto lilipita chini ya vidole vyangu, nami sikulisoma, kwa kuwa nilikuwa natafuta walio hai. Mashine haikuwa na kosa. Ilikuwa imejibu sawasawa kila nilichoiuliza.

"Ni yeye," jirani alisema. "Murakoze, asanti Mungu, ni yeye. Lia tu, Mwalimu, mi naangalia huko kando."

Siku zilizofuata nilitoka na fomu zangu, nyumba kwa nyumba, hadi Kizuka kwenye michikichi, kuuliza swali nililopaswa kuuliza tangu mwanzo: majirani walimwitaje? Watu walinipa majina mawili, matatu, matano kwa mtu mmoja. Mama fulani. Baba fulani. Mvuvi mmoja alifikiri sana kuhusu dada yake, halafu akasema, "Yule kila mutu anamwita Mandazi." Nikaandika Mandazi. Kazi iliongezeka mara nne, na hapo ndipo mashine yangu iliyokaangwa ilipoanza kustahili jasho lake. Mandazi tulimpata. Dada wa jirani yangu tulimpata pia, chini ya jina la mtoto ambaye jirani hakujua kama amezaliwa.

Kwa mke wangu niliandika barua, mzee wa duka akaituma kwa ndugu zake. Majibu yalikuja baada ya miezi, yameandikwa nyuma ya karatasi yangu mwenyewe, kwa mwandiko wake uliolala upande:

"Tuko watatu. Watoto wanasoma chini ya turubai. Usije kwa ziwa, na sisi hatuji mpaka kutulie. Wenzetu waliitwa na watu wao zamani. Kwa nini wewe umechelewa?"

Nilikaa na swali hilo siku tatu. Kisha nikamjibu ukweli: kwamba nilimtafuta kwa jina la kitambulisho, na kwamba lile jingine sikuweza kuliandika. Na juu ya barua hiyo, mahali pa salamu, nikamwita kama mtaa unavyomwita.

Hawakurudi mwaka ule wala uliofuata. Nilibaki Rumonge na ule mlango unaovuma, nikitafuta watu wa wengine, nikiosha sahani moja. Ilikuwa upweke bado, usidhani ulikwisha. Lakini nilijua sasa wako wapi, na barua zake zilipokuja zilianza kwa "Baba" na jina la mwanetu, jina ambalo mimi pia nilikuwa sijaitwa kwa muda mrefu.

Kompyuta yenye prosesa nyingi unaweza kuijenga siku yoyote ukipata vifaa, nami nimekwisha kukuonyesha jinsi ya kugawa kazi. Lakini liko jambo la kufanya leo, na halihitaji umeme. Chukua karatasi. Andika jina la kila mtu wa nyumbani kwako, na mbele yake andika yale yote ambayo majirani humwita. Waliokufa waandike pia. Kisha nakili karatasi hiyo, na nakala umpe mtu anayeishi mbali nawe.